Wengi Wape, Ila Katika Kodi

Wahenga walisema wengi wape. Hawakusema wengi ni wangapi. Katika jimbo la California, huko Marekani, neno hilo lina vipimo viwili: kwa sheria nyingi, wengi ni zaidi ya nusu, kwa kuongeza kodi, wengi ni theluthi mbili.

Kipimo hicho cha pili kilizaliwa tarehe 6 Juni 1978. Miaka ile bei za nyumba zilipanda kwa kasi, na kodi ya majengo ikapanda nazo. Mzee aliyestaafu, mwenye nyumba ile ile na pato lile lile, alidaiwa asichoweza kulipa, ilhali hazina ya jimbo imefurika. Howard Jarvis na Paul Gann wakakusanya saini, wakalifikisha Pendekezo la 13 mbele ya wapiga kura. Kodi ya majengo ikafungwa kwenye asilimia 1 ya thamani, nayo thamani isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba iuzwe. Tena kodi yoyote ya jimbo isiongezwe bila ya theluthi mbili ya wajumbe wa kila baraza.

Seneti ina wajumbe 40, hivyo hutakiwa kura 27. Basi 14 wakikataa, 26 hunyamazishwa.

Februari 2009, jimbo likiwa na pengo la dola zipatazo bilioni 42, Seneti ilipungukiwa kura moja. Seneta Abel Maldonado aliitoa yake kwa masharti, likiwemo la kupeleka kwa wananchi mageuzi ya uchaguzi wa awali. Julai mwaka huo, baadhi ya wadai walilipwa hati za ahadi badala ya fedha. Mwaka 2010 wapiga kura waliiondolea bajeti sharti la theluthi mbili. Kodi wakaiacha nalo.

Watetezi husema kodi ni jasho la mtu, na alichukuaye asitosheke na ridhaa ya nusu. Wapinzani hujibu kuwa penye uhaba wa kura moja, kura hiyo hupata bei.

Pendekezo la 13 lenyewe lilipita kwa karibu asilimia 65. Wingi huo ulitosha kuibadili katiba. Lau ungepimwa kwa kipimo ulichowawekea wajumbe, usingetimia.