Meli Inapolala Upande

Ninyi mkaao Mwanza, Ukerewe na kando zote za ziwa letu mwajua habari za vyombo kuliko vitabu vyote. Leo nataka kueleza neno moja la Kiingereza, ambalo mabaharia hulitumia meli inapoinama upande mmoja isiinuke. Neno hilo ni "list".

Limeonekana katika maandishi ya Waingereza tangu karne ya 17, na zamani liliandikwa pia "lust". Wajuao lugha hudhani kuwa huenda asili yake ni neno la kale lenye maana ya kutaka au kutamani, kana kwamba mabaharia walisema, "Meli yataka kulala upande huu."

Sisi tunalo neno "mrama", lakini mrama si jambo lile lile. Chombo kiendacho mrama huyumba huku na huku kwa mawimbi, kisha hurudi. Toka baharini neno hilo limeingia majumbani, hata shughuli ikiharibika twasema imekwenda mrama. Bali chombo kilicholala upande hakirudi. Hubaki vile, na kila wimbi hukizidishia hatari.

Je, meli hutaka? La, haina moyo wala nia. Uzito ukikaa chini, chombo kikiinama maji hukisukuma kisimame tena. Ndiyo sababu manahodha wa majahazi hutia farumi ya mawe. Uzito ukipanda juu, nguvu ile ya kukirudisha hupungua hata ikaisha. Na watu wakikimbilia ubavu mmoja, hukilaza wao wenyewe.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyofanywa kwa abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza ikitoka Bukoba na Kemondo. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mamia walikufa, wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere nacho, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, kilipinduka karibu na Ukara.

Basi, Waingereza wa kale na waseme kuwa meli yataka. Sisi wa ziwani tuulize: ni nani aliyepakia, na ni nani aliyehesabu? Nawe ukiona chombo kimelala upande kingali gatini, usipande.