Waliohamishwa Mlimani

Aliye Tororo au Malaba, anga likiwa safi, huuona kaskazini Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima huo uliporomoka huko Nametsi, wilaya ya Bududa, ukafukia soko, zahanati na nyumba. Mamia ya watu wakapotea.

Mwaka huohuo Serikali ya Uganda ilizihamishia familia nyingi Kiryandongo, mbali upande wa magharibi, kila familia ikapewa ekari 2 na nusu. Mlimani walizoea baridi, migomba na mibuni. Huko wakakuta uwanda wa joto, wa mahindi na mihogo, na majirani wasiojua lugha yao. Wako waliorejea Bududa, kwa kuwa makaburi ya wazee na mashamba ya kahawa yaliwavuta. Waliosalia walijifunza kilimo kipya, wala jando lao, imbalu, hawakuliacha.

Bukalasi ilipoporomokewa Oktoba 2018, safari ilifupishwa: kuanzia 2019 wahamishwa walipelekwa Bunambutye, wilaya ya Bulambuli, chini ya mlima uleule.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, hakutosheka kuwapatia Muhajirina mahali pa kulala, aliwaunga udugu na Ansari, mtu kwa mtu. Basi nyumba na shamba havitoshi kumfanya mhamiaji mwenyeji, asipopata jirani wa kumjulia hali. Mwenyezi Mungu awajaalie watu wa Masaba makao ya amani.