Mji wa Maji Baridi Usio na Boti

Uganda, pale Paraa, watalii hupanda boti, askari wa wanyamapori akiwaonyesha viboko na mamba, hadi karibu na maporomoko ya Murchison. Hapa Nairobi, mji uliobeba jina la mto wake, askari wa misitu hulinda mto kwa miguu. Boti ya kuteremkia toka Kileleshwa hadi Gikomba haipo, na haijawahi kuwepo.

Kusema ukweli, mto wenyewe haukuwa wa boti. Wamaasai waliita hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika 1899, wahandisi walitaka maji na uwanda wa kupumzikia kabla ya kupanda milima ya Ukikuyu. Hawakuja kupiga makasia.

Basi mji ulipotamani boti, ulijichimbia maji mengine. Mwaka 1953 ukapata Bwawa la Nairobi, kwenye mto Motoine unaotoka upande wa Dagoretti. Lilikuwa akiba ya maji, lakini likageuka uwanja wa mashua za tanga, na klabu yake ya wanamaji. Hebu fikiria jioni ya Jumapili: matanga meupe majini, na ng'ambo Kibera, iliyoanza kama makazi ya askari Wanubi waliopewa msitu ule na serikali ya kikoloni. Upande mmja burudani, upande wa pili watu walioishi miaka mingi bila hati ya shamba wala bomba la choo. Uchafu ulikoenda si siri, ulifuata mteremko. Gugumaji likaja, tope likajaa, klabu ikafa. Leo sehemu za bwawa ni nchi kavu, watu wamepanda mboga. Wengi husema Kibera ndiyo iliua bwawa. Mimi naona waliojenga bwawa na kusahau mifereji ya jirani ndio walianza.

Boti za wananchi wa kawaida zilikuja na Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Kenyatta 1969. Kidimbwi tu, lakini wageni wa kutoka mashambani walipiga picha hapo wakakanyaga pedali kama wako Mombasa. Wasee wa boti walijua kukupimia dakika, hukosi kuitwa urudi.

Na mto? Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, nilikuwa nikiuvuka Chiromo nikiziba pua. Mwaka 2008 John Michuki, waziri wa mazingira, yule yule wa sheria za matatu, alianza kuusafisha. Alifariki 2012, na kipande kati ya Museum Hill na Globe kinaitwa kwa jina lake. Ndipo wanapozunguka hao askari wa misitu. Ukikaa hapo saa kumi na moja jioni utaona wapendanao kwenye nyasi, wahubiri wakifanya mazoezi, na maji yenye rangi ya chai ya rangi yakipita bila mtu kuyagusa.

Yanatoka kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, safi. Yakishatoka mjini yanaingia Athi, Athi inageuka Galana, kisha Sabaki, na kaskazini kidogo ya Malindi yanamwagika baharini. Huko ndiko boti ziliko, na wavuvi wanaopokea kila tunachotupa Gikomba.