Picha Mbovu za Hubble

Mwezi wa Aprili 1990, darubini ya Hubble ilipelekwa angani. Kioo chake kina upana wa mita 2.4, na dunia ilingoja picha kali. Zilipofika, nyota zilikuwa na ukungu pembeni. Magazeti ya Marekani yakaifanya kichekesho.

Mimi niliacha chuo kabla ya digrii, lakini hadithi hii sijaiacha. Wengi huisimulia wakiruka sehemu tamu: watu walijuaje kioo kina shida gani, na kiko zaidi ya kilomita 500 juu yetu?

Shida ni hii. Mwanga ni wimbi. Kamera hupima umefika mwingi kiasi gani, basi. Haiandiki kama wimbi lilifika kileleni au bondeni. Habari hiyo, yaani awamu ya wimbi, ndiyo hubeba alama ya umbo la kioo. Na kamera huitupa.

Mwaka wa 1972, Gerchberg na Saxton kule Cambridge, waliokuwa wakishughulika na hadubini za elektroni, walitoa njia ya kuirudisha. Chukua picha mbili za wimbi lilelile, katika sehemu mbili za safari yake. Kisia awamu kwenye ya kwanza. Kompyuta ipige hesabu mpaka ya pili. Mng'ao usipolingana, weka ule uliopimwa, awamu ibaki, kisha rudi nyuma. Rudia, rudia. Ni kama kutafuta stesheni kwa redio ya babu: unazungusha kidogo, unasikiliza, unazungusha tena.

Kwa Hubble, mbinu za ukoo huo zilisoma ule ukungu wenyewe. Zikaonyesha kwamba ukingo wa kioo ulikuwa bapa kupita kiasi, kwa takriban mikromita 2. Uchunguzi kiwandani ukapata chanzo: kwenye kifaa cha kupimia kioo, lenzi moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Mafundi walichonga kwa ustadi mkubwa, wakifuata kipimo kibovu.

Disemba 1993, wanaanga walifunga vioo vidogo vya kurekebisha na kamera mpya. Picha zikanyooka.

Ndiyo maana napenda historia hii kuliko zile za ushindi mtupu. Zile picha za aibu, ambazo mtu angezifuta kwenye simu bila kufikiri, ndizo zilizokuwa na maelezo ya tiba. Hata mwaka wa 2022, vipande 18 vya kioo cha James Webb vilipangwa hivyohivyo: kwa kusoma ukungu wa nyota.