Ryukishi07: mpimeni kwa kalenda

Wadau, leo tuachane na siasa kidogo. Watu wengi wakitaka kujua kama mtengeneza gemu anayejitegemea amepiga hatua, wanatazama picha tu. Picha zikiwa kali, jamaa anajua kazi. Zikiwa mbovu, basi tena. Kwa kipimo hicho, Mjapani anayejiita Ryukishi07 angefeli mwaka 2002 na angefeli tena 2010. Mimi nasema kipimo chenyewe ndicho kibovu.

Gemu zake ni za kusoma. Maandishi yanapita kwenye skrini, nyuma kuna picha ya mahali, mbele kasimama mhusika, muziki unapiga chini chini. Riwaya ndani ya kompyuta. Iliyompa jina, Higurashi no Naku Koro ni, ilianza kuuzwa Agosti 2002 jijini Tokyo, kwenye Comiket, soko la kazi za watu binafsi ambalo enzi hizo lilifanyika kila Agosti na Desemba. Kabla ya hapo kundi lake, 07th Expansion, lilikuwa likichora picha za kadi za kuchezea.

Alitumia NScripter, programu ya Naoki Takahashi, ileile ambayo kundi la Type-Moon lilitengenezea Tsukihime mwaka 2000. Wahusika kawachora mwenyewe, vidole vimegandana kama kichane cha ndizi! Mandhari hakuyachora. Alichukua picha za kamera, zikiwemo za kijiji cha Shirakawa mkoani Gifu, akazihariri kwa kompyuta.

Sasa njoo kwenye uamuzi uliomwokoa. Tsukihime humtaka mchezaji achague njia. Higurashi haina hiyo, unasoma tu mpaka mwisho. Wapo wanaosema hiyo si gemu. Sawa, lakini fikiria kazi yenyewe: kila chaguo linazaa njia mbili, na kila njia inataka kuandikwa, kuwekewa muziki na kujaribiwa. Kundi la watu wachache linazama hapo hapo. Yeye akaliondoa tatizo zima, nguvu iliyobaki akaiweka kwenye sauti na muda: wadudu wa jioni wanalia, muziki unakatika ghafla, sentensi inasita. Damu inakuganda, na kwenye skrini hakuna kilichosogea.

Haya, tutazame kalenda. Higurashi ilikuwa na sehemu 8, ya mwisho ikatoka Agosti 2006. Kati ya Agosti 2002 na siku hiyo zilipita Comiket 9. Desemba 2003 hakukuwa na sehemu mpya. Kisha Agosti 2007 akaanza Umineko no Naku Koro ni, nayo ya sehemu 8, ikaisha Desemba 2010. Hesabu mwenyewe: Comiket 8, sehemu 8. Hakukosa hata moja. Na haikuwa miaka myepesi. Mwenzao aliyejulikana kama BT alifariki Julai 2009, na sehemu ya tano ikatoka Agosti ileile.

Sisi tunaoishi kwa saa ya mhariri tunajua maana yake. Ukisikia fulani yuko "asilimia 80" ya gemu yake, muulize ni lini mara ya mwisho mtu baki aliicheza mwanzo hadi mwisho. Michoro ya Umineko bado ni yake na vidole ni vilevile, ila muziki sasa umetungwa mahsusi, na mapigano yana mbwembwe za mwanga ambazo 2002 hazikuwepo. Hatua hizo zilikuja kipande kwa kipande, wateja wakiwa wameshashika kazi mkononi.

Mwaka 2007 kampuni ya Alchemist iliitoa Higurashi kwa PlayStation 2, ikiwa na michoro mipya, sauti za waigizaji, na machaguo. MangaGamer nao walipoirudia kwa Kiingereza kuanzia 2015 waliweka michoro mipya, lakini wakaacha kitufe cha kurudisha ile ya zamani. Mimi huwa nakibonyeza.