Kuitwa kwenye kikao siyo kushirikishwa

Najua nimewatupa wiki kadhaa, mnisamehe. Wiki za test mnazijua wenyewe, na boom likichelewa hata hamu ya kuandika inakata. Leo narudi na deni.

Juzi kwenye semina ya historia mwalimu aliuliza: "Ushirikishwaji wa wananchi maana yake nini?" Mimi si ndo mwalimu mtarajiwa, nikanyoosha mkono fasta: "Ni wananchi kuitwa kwenye mkutano na kutoa maoni yao." Akaniangalia kidogo, akauliza: "Na maoni yakishatolewa, yanakwenda wapi?" Nikakaa kimya. Darasa zima kicheko. Adhabu yangu ni kuandaa mada ya wiki ijayo, nitafute mfano wa kihistoria nje ya Afrika unaojibu swali hilo.

Nimekaa kimbwetani siku tatu na mto mmoja unaitwa Columbia. Naumwaga hapa kwanza, bora nikosee mbele yenu kuliko mbele ya yule mzee.

Columbia unaanzia Canada, unaingia Marekani na kumwaga maji bahari ya Pasifiki. Urefu wake ni kama kilomita 2,000. Samaki wake mkubwa ni samoni, na maisha yake ni ya ajabu kidogo. Anazaliwa kwenye vijito vya maji baridi huko juu, anashuka baharini, anakaa miaka kadhaa, halafu anapanda tena mto mpaka kwenye kijito chake kutaga mayai na kufa. Sasa fikiria: ukiuziba mto mahali pamoja tu, umewafungia mlango samaki wote ambao nyumba yao iko mamia ya kilomita juu yake. Inakadiriwa kwamba zamani samoni na jamaa zake milioni 10 hadi 16 walikuwa wanapanda mto huo kila mwaka.

Wenyeji asilia, wale ambao vitabu vyetu vya zamani vilikuwa vinawaita Wahindi Wekundu, waliishi kwa samaki hao. Mwaka 1855 serikali ya Marekani ilikaa nao na kusaini mikataba. Makabila ya Yakama, Umatilla, Nez Perce na Warm Springs yalitoa mamilioni ya ekari za ardhi na kubaki na maeneo madogo waliyotengewa. Ila wazee wale hawakuwa wajinga. Waling'ang'ania kipengele kimoja: wataendelea kuvua kwenye sehemu zao zote za siku zote, hata zile zilizo nje ya maeneo waliyotengewa, pamoja na raia wengine. Hicho kipengele kikumbukeni, ndiyo roho ya habari yote.

Miaka ikapita, walowezi wakaweka magurudumu ya kuvulia samaki na kuwazuia wenyeji wasifike mtoni. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1905, katika kesi ya Winans, ikaamuliwa jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Mahakama ilisema mkataba haukuwa zawadi ya serikali kwa makabila. Makabila ndiyo yaliyotoa, na ambacho hawakukitoa kilibaki chao. Yaani haki ya kuvua hawakupewa na mtu, walikuwa nayo tangu mwanzo.

Ila haki ya kwenye karatasi bila samaki mtoni ni kama kadi ya chakula na kantini imefungwa. Yakaja mabwawa ya umeme. Bonneville lilianza kazi mwaka 1938. Grand Coulee, lililoanza miaka ya mwanzo ya 1940, lilijengwa bila ngazi za kupandia samaki, kwa hiyo sehemu yote ya juu ikabaki bila samoni. Halafu tarehe 10 Machi 1957 bwawa la The Dalles likafungwa milango, na kwa saa chache tu maporomoko ya Celilo yakazama. Hapo watu walikuwa wamevua kwa zaidi ya miaka 10,000, palikuwa soko na mahali pa kukutana makabila ya mbali. Makabila yalipinga, yakalipwa fidia, maji yakapanda. Maoni yalitolewa, jamani. Yalikwenda wapi?

Miaka ya 1960 wavuvi wenyeji wakawa wanakamatwa kila leo na maofisa wa majimbo kwa kuvua pale ambapo mkataba unawaruhusu. Billy Frank Jr., wa kabila la Nisqually huko magharibi ya jimbo la Washington, alikamatwa zaidi ya mara 50. Mwaka 1969 Jaji Robert Belloni aliamua kwamba makabila ya Columbia yana haki ya kupata mgawo wa haki wa samaki. Mwaka 1974 Jaji George Boldt, kwenye kesi ya makabila ya magharibi ya Washington, akautaja mgawo wenyewe: hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikakubaliana naye kwa sehemu kubwa.

Hapa ndipo nilipoona ujanja wao. Hawakukaa kusubiri barua ya mwaliko. Mwaka 1977 yale makabila manne yakaunda tume yao ya pamoja ya uvuvi. Wakaajiri wanasayansi wa samaki, wanasheria, hata askari wa mtoni. Kwa hiyo wakienda kikaoni, hawaendi na malalamiko peke yake, wanakwenda na takwimu zao mkononi.

Mwaka 1980 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya umeme ya eneo lile, iliyounda baraza la kupanga mambo ya umeme pamoja na kurudisha samaki na wanyamapori walioathiriwa na mabwawa. Baraza lina viti 8, viwili kwa kila jimbo kati ya Washington, Oregon, Idaho na Montana. Viti vya makabila? Hakuna hata kimoja. Nilitaka kufunga kitabu hapo. Lakini sheria hiyohiyo inasema baraza, kabla ya kuandika mpango, ni lazima liombe mapendekezo ya makabila na ya idara za samaki na wanyamapori. Na likikataa pendekezo, lieleze sababu kwa maandishi. Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ikakaza zaidi: mapendekezo hayo yapewe uzito mkubwa, si ya kusikiliza na kuweka kabatini.

Mwalimu wangu, jibu ndo hilo! Maoni yanakwenda mahali ambapo mtu analazimika kuyajibu, na asipoyajibu anashitakiwa.

Mwaka 1995 makabila manne yakatoa mpango wao wenyewe wa kurudisha samoni, kwa jina la lugha yao, Wy-Kan-Ush-Mi Wa-Kish-Wit, yaani roho ya samoni. Unamfuata samaki safari nzima, kutoka kokoto alizozaliwa mpaka kokoto atakazotagia.

Matokeo? Mto Umatilla ulikosa samoni kwa takriban miaka 70, maana maji yake yalikuwa yanaishia mashambani. Makabila ya Umatilla yangeweza kwenda mahakamani, lakini yalikaa na wakulima. Wakakubaliana wakulima wachukue maji Columbia, na maji ya Umatilla yabaki mtoni. Sheria ya mradi huo ikapita mwaka 1988, samoni wakarudi, na mashamba hayakufa. Kwenye mto Snake, samoni aina ya koho walihesabiwa wametoweka mwaka 1986, Nez Perce wakawarudisha kuanzia miaka ya 1990. Na wale chinuki wa vuli, ambao mwaka 1990 walipita 78 tu wa asili kwenye bwawa la Lower Granite, baadaye walirudi kwa maelfu, vituo vya kutotoleshea vya makabila vikiwa na mchango mkubwa.

Sitaki niwadanganye kwamba mambo yameisha. Baraza lilijiwekea lengo la samaki milioni 5 kwa mwaka ifikapo 2025, halikufikiwa. Desemba 2023 serikali ya Marekani iliingia makubaliano na yale makabila manne na majimbo ya Oregon na Washington, yenye ahadi ya zaidi ya dola bilioni moja. Juni 2025 Rais Trump akaiondoa serikali kwenye makubaliano hayo. Ahadi ya rais mmoja inaweza kufutwa na rais mwingine kwa karatasi moja. Ila mkataba wa 1855 bado upo, na makabila yanarudi kuushika huohuo.

Kwa nini haya yamenigusa hivi? Nikiwa darasa la tano, kijijini kwetu uliitishwa mkutano kuhusu matumizi ya mto. Babu yangu alivaa koti lake la Jumapili akaenda. Walikaa kwenye viti vya plastiki, wakapewa soda, wakasaini karatasi ya mahudhurio. Baadaye tukaambiwa wananchi walikubali, na ushahidi ni ile karatasi ya mahudhurio yenye saini zao. Babu alikuwa anasema, "Mimi nilisaini kwamba nilikuja." Tulikuwa tunacheka, tukadhani mzee hajaelewa mambo ya kisasa. Kumbe aliyekuwa hajaelewa ni mimi, mpaka juzi pale semina.

Nikipangiwa shule, swali hili nitawauliza wanafunzi wangu siku ya kwanza kabisa, na sitamcheka atakayekosa.

Alhamisi saa nne naingia ulingoni. Niombeeni wadau.

Tuko pamoja.