Fundi na Mwenye Nyumba: Historia ya Kutengeneza Vyombo vya Nyumbani

Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya chombo kilichoharibika nyumbani.

Tuseme uko Kiloleli, mkoani Simiyu, na jiko limekataa kuwaka. Je, utalipeleka kwa fundi, au utalifungua mwenyewe? Fundi atataka fedha, na safari itakula siku nzima. Lakini ukifungua usichokijua, pengine utaharibu zaidi, au utaungua. Tutazame wenzetu wa zamani walivyolijibu swali hili.

Tuanze na jembe. Katika karne ya 19 Wasukuma walipata majembe mengi kutoka kwa wahunzi wa Uzinza, walioitwa Warongo. Mhunzi aliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, kisha akafua bamba lenye mkia mwembamba. Kazi hiyo ilikuwa na siri zake, na si kila mtu aliiweza. Lakini mpini ulikuwa kazi ya mwenye shamba. Alichonga mti, akatoboa kichwa chake kwa chuma cha moto, akachomeka ule mkia. Mpini ulipovunjika hakurudi Uzinza. Alikwenda porini kukata mti mwingine. Basi tazama: tangu zamani kulikuwa na sehemu ya fundi na sehemu ya mwenye chombo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilileta fedha Usukumani. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake. Fedha ya pamba ilinunua baiskeli, cherehani, redio na stovu ya kupiga pampu.

Stovu hiyo ya Primus ilitoka Sweden, ambako Frans Wilhelm Lindqvist aliianzisha mwaka 1892. Haina utambi. Kwanza unawasha spiriti kidogo ili mabomba yapate moto. Pampu inasukuma hewa ndani ya tangi, na hewa inayapandisha mafuta ya taa. Yakipita katika mabomba ya moto yanageuka mvuke, nao unatoka kwa nguvu katika kitundu kidogo sana, ukiwaka kwa moto wa buluu.

Aliyefahamu hayo alijua pa kutazama. Moto ukiwa mwekundu wenye masizi, mabomba hayajapata moto wa kutosha. Ukiwa hafifu, huenda kitundu kimeziba. Kinazibuliwa kwa sindano nyembamba. Pampu ikiwa haisukumi, mara nyingi ngozi yake imekauka. Inalainishwa kwa mafuta kidogo. Hapo hapana haja ya fundi. Lakini tangi likivuja, hiyo ni kazi ya mwenye kujua kulehemu, maana tangi lenye mvuke wa mafuta likitiwa moto hulipuka.

Kisha ikaja miaka ya shida. Vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, viliimaliza fedha ya kigeni ya Tanzania. Vipuri vikaadimika madukani. Hata mwenye fedha mkononi hakupata betri za redio. Watu walianika za zamani juani ili wasikie japo taarifa ya habari. Makopo yakawa koroboi, na matairi yakawa viatu. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa tena.

Tusiisifu shida ile, kwa sababu iliwaumiza watu. Lakini ilitufundisha kwamba fedha peke yake haitengenezi chombo. Asiyejua chombo chake hufungwa na bei ya fundi, na fundi asipokuwapo, hana msaada.

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na mpaka umehama. Ndani ya televisheni umeme huweza kubaki hata baada ya kuichomoa, nao huua. Waya wa plagi uliolegea waweza kuukaza mwenyewe, plagi ikiwa imekwisha kuchomolewa. Sanduku lenyewe mwachie fundi. Si aibu kumlipa kwa kazi ambayo ni yake. Hasara ni kumlipa kwa mpini.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Katika nyumba yako, ni chombo gani unachokilipia fundi kila mara kwa kosa lile lile?
2. Sehemu ipi ya chombo hicho ni mpini, na ipi ni bamba?
3. Nani kijijini aweza kuwafundisha wengine?